Taa Kombo ya Nyamigogo

Shija aliponipigia simu nilikuwa dukani kwangu, Ngara mjini, nabishana na mteja aliyetaka kufunga taa ya nje kwa waya wa ndani. Nilimwambia mteja asubiri. Shija hakunizungusha. "Dada, mayu katutoka," akasema, nikawa nasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Alikuwa mama yake yeye, si wangu, lakini niliketi juu ya kreti la soda. "Alisema fundi wake aitwe," Shija akaongeza. Mteja naye akauliza kama waya ule utafaa ama hautafaa. Nilimnyang'anya waya, nikamtoa nje, nikafunga duka. Baadaye alikwenda kusema mjini kwamba yule mama wa taa amerukwa na akili, na siku hiyo hakukosea sana.

Nilipanda basi mpaka Biharamulo, kisha pikipiki. Kijana wa pikipiki aliniuliza naenda Nyamigogo sehemu gani, nikaanza kumweleza: ukivuka kalavati, mkono wa kushoto, kuna zizi lenye ua wa minyaa, kwa Mayu Minza. "Ah, Taa Kombo!" akasema. "Si ungesema tu Taa Kombo, mama, unanieleza njia kama mgeni." Nilimwambia taa ile haikuwa kombo hata siku moja, nyumba ndiyo iliyopinda. Nilimwambia kwa ukali, maana jambo hilo nimelibishania muda mrefu kuliko umri wake barabarani. "Haya mama," akajibu, kwa ile sauti ambayo vijana huwapa watu wazima waliochoka, akawasha pikipiki. Njia nzima nilikuwa nalia ndani ya kofia yake ngumu, naye hakujua.

Habari za kwetu Murukulazo sitaziandika hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa binti, nimetoka kujifunza umeme kwa Fundi Deo, Mhangaza mwenzangu, mtu wa maneno machache na rozari kwenye mfuko wa shati. Nguzo zilipofika Nyamigogo alinichukua tukafunge nyaya majumbani. Mvua za kwanza hazijakolea, akapata kazi kubwa zaidi upande wa Geita. Aliniachia ngazi, drili, na pimamaji ya njano yenye kioo kidogo na kiputo cha hewa ndani yake. "Baki umalizie nyumba zilizobaki," akasema. "Ukizimaliza vizuri, wewe ni fundi, sina la kukuongezea. Ukiharibu, rudi kwenu ukapalilie migomba." Kisha akanipa neno moja la mwisho, ambalo nimewaambia mafundi wote niliowafundisha tangu hapo: "Usiamini jicho. Jicho lina undugu na ukuta. Pimamaji haina ndugu." Akapanda gari. Nilibaki barabarani na ile pimamaji mkononi, nikafikiri kwamba basi tumekuwa wawili tusio na ndugu hapa.

Nilipanga chumba kwa Mayu Minza. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, imepigwa plasta ya udongo na majivu, na upande wa magharibi msingi ulikuwa umetitia, hivyo nyumba nzima iliinama kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Dirisha liliinama, upenu wa bati uliinama, mistari ya tofali nayo ikafuata. Chumba changu kilikuwa upande huohuo ulioinama. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kibatari ambacho nilikitumia mimi fundi umeme kwa kuwa kila mtu aliwashiwa kabla yangu, na harufu ya karanga zilizowahi kuhifadhiwa humo. Yeye alikula jikoni kwake, mimi nilikula chumbani kwangu. Alikula ugali wa udaga, unga wa muhogo mkavu, na mlenda, mimi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyochemsha, maana ndizi za kwetu hazikuwepo na sikujua kumwomba mtu anifundishe kupika vyakula vya kwao. Nilisikia kijiko chake kikigonga sufuria, naye bila shaka alisikia changu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Alikuwa na Kisukuma chake, mimi na Kihangaza changu, na Kiswahili tulikuwa nacho wote wawili kama nguo ya kwendea sokoni, tukikitoa asubuhi kwa salamu na kukirudisha sandukuni. "Shikamoo, mayu." "Marahaba, ng'wanone." Mwanangu. Baada ya hapo ilikuwa kimya mpaka kesho yake.

Jioni moja nilisikia maongezi uani. Mtu anasalimia, mtu anaitikia, mtu anauliza habari za ng'ombe, mtu anajibu. Nikafurahi, nikasema leo tuna mgeni, nikajifunga kitenge vizuri na kutoka. Uani hapakuwa na mgeni. Mayu Minza alikuwa amekaa peke yake juu ya kigoda, karibu na duara la mawe lililokuwa na majivu ya zamani yaliyogandishwa na mvua, akijisalimia na kujiitikia mwenyewe. Aliponiona hakushtuka wala hakuona haya. Alinitazama tu, nami nikajifanya nimetoka kwenda chooni.

Duara lile la mawe lilikuwa shikome. Kwa Wasukuma, shikome ni moto wa uani, karibu na lango la zizi, ambapo wanaume wa kaya na majirani hukaa jioni, chakula kikaletwa hapo, vijana wakafundishwa mambo hapo. Mume wa Mayu Minza alikuwa amekufa. Shija, mtoto wake pekee aliyebaki, alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda Katavi kufuata malisho. Zizi lilikuwa limeota majani. Kaya isiyo na mwanaume haina shikome, na kaya isiyo na shikome haina mtu wa kupita kukaa. Mambo hayo hakunieleza yeye. Niliyaokota kidogo kidogo kwenye nyumba nilizokuwa nafunga nyaya, maana mtu aliye juu ya ngazi watu humsahau, wakaongea.

Umeme ulipofika kwake, aliniita. "Nataka taa ya nje," akasema. Nikamwonyesha mahali pa kawaida, juu ya mlango, ambapo mgeni huonekana uso. Akatikisa kichwa. Akanishika mkono, akanizungusha nyumba mpaka ukuta wa chumba changu, akanyoosha kidole kwenye yale mawe. "Imulike pale." Nikamwambia ukuta huu ndio mbovu kuliko zote, ni tofali mbichi, hazishiki skrubu, ukitoboa unapata vumbi. Akaniuliza, "Wewe ni fundi au si fundi?" Ee, swali hilo lilinichoma. Ndilo nililokuwa najiuliza kila asubuhi.

Kazi ile niliifanya kama naifanya mbele ya Fundi Deo. Nilichukua mbao mbili za mninga, moja nikaiweka nje na nyingine ndani, chumbani kwangu, juu ya kitanda, nikapitisha bolti ndefu kutoka ubao mmoja hadi mwingine ili ukuta ubanwe katikati badala ya kubeba mzigo. Nilizima swichi kubwa kabla sijagusa waya, na hata baada ya kuzima nilijaribu kwa testa, maana umeme hauna huruma kwa anayedhani. Waya niliuacha ushuke tumbo kidogo kabla ya kuingia kwenye taa, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate mpaka ndani. Juu na ubavuni niliziba kwa gundi, chini nikaacha upenyo, kwa sababu maji lazima yatafute njia ya kuingia na ni vizuri yapate njia ya kutoka. Taa yenyewe ilikuwa ndefu, ya mstatili, yenye kifuniko cha kioo. Mayu alinishikia ngazi muda wote, miguu yake peku imekanyaga ngazi kwa nguvu kama anazuia ndama. Niliweka pimamaji juu ya taa. Kiputo kikasimama katikati, shwari. Nikakaza skrubu za mwisho, nikashuka, nikarudi nyuma hatua chache kuangalia kazi yangu.

Mungu wangu! Taa ilikuwa imepinda. Si kidogo. Upenu wa bati juu yake uliteremka upande mmoja, mistari ya tofali chini yake iliteremka upande huohuo, na taa yangu katikati imenyooka wima na mlalo, kwa hiyo macho yote yakaiona yenyewe ndiyo mkosaji. Nikapanda tena, nikapima tena. Kiputo katikati. Nikashuka. Kombo.

Wa kwanza kuiona alikuwa mzee Bundala, jirani, aliyekuwa anapita na majembe yake kutoka shambani. Alisimama. Kwa muda wote niliokaa pale sikuwahi kumwona akisimama mbele ya kaya ile. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, kisha akacheka mpaka akaweka majembe chini. "Fundi, taa yako imelewa!" akasema. Nikamjibu, "Taa imenyooka, baba. Nyumba ndiyo imepinda." Akaingia uani kuitazama kwa karibu. Akapima kwa mpini wa jembe. Akasema amejenga mazizi maisha yake yote na mstari anaujua. Nikampa pimamaji, akaitazama kwa mashaka na kusema kichupa cha maji cha Wahangaza kimezoea milima, huku kwenye tambarare hakifanyi kazi. Mayu Minza alikuwa amesimama pembeni. Alipoona Bundala bado anabisha, alikwenda ndani akamletea kigoda.

Kesho yake alikuja na mdogo wake. Keshokutwa wakaja wengine. Kila mtu alikuwa na hoja yake, na hoja ile iliwachukua mpaka giza linaingia, nami nikawa na jina jipya: Fundi Kombo. Watoto waliliimba nikipita. Nilicheka nao mwanzoni, maana ukikasirikia utani, umekwisha. Lakini utani ule ulianza kula kazi yangu. Nyumba moja waliniambia wamebadili mawazo. Nyingine waliniambia watasubiri kwanza. Kisha akaja katibu wa kigango chetu cha Kikatoliki, ambako nilikuwa nasali kila Jumapili nikiwa nyuma kabisa peke yangu. Walitaka taa za nje kuzunguka kanisa, na kazi ile niliitaka kuliko kazi zote, kwa sababu ingekuwa pale kila mtu anaiona, na kuta za kanisa zilikuwa zimenyooka. Alifika kwa Mayu Minza, akaitazama taa, akaitazama tena. "Tutakuita, binti," akasema kwa upole. Wakamleta fundi kutoka Biharamulo mjini. Maneno ya Fundi Deo yakaanza kunipigia kelele kichwani: rudi kwenu ukapalilie migomba.

Nilisimamisha ngazi asubuhi ile ile niliyosikia habari hiyo. Dawa yake ilikuwa rahisi: legeza skrubu, shusha taa upande mmoja ifuate upenu, kila mtu ataona imenyooka, jina langu litarudi. Nilikuwa nimeshalegeza skrubu moja niliposikia ngazi imeshikwa chini.

"Ng'wanone, shuka."

"Mayu, wananicheka. Kazi zinapotea."

"Wacheke. Shuka kwanza."

Nilishuka nikiwa nimevimba. Alinikalisha kwenye kigoda cha Bundala, na hapo ndipo alipoongea nami Kiswahili kingi kuliko siku zote zilizotangulia, herufi l na r zikibadilishana nafasi jinsi zinavyofanya kwetu sote huku. Aliniambia kwamba tangu baba yake Shija afe, hakuna mwanaume aliyekanyaga uani kwake jioni. Si kwa ubaya. Mtu mzima hawezi kuingia kwa mjane akakaa tu bila neno. Watu watauliza amefuata nini. Wanampenda, wanamsalimia kutoka barabarani, wanapita. "Sasa neno wanalo," akasema, akaelekeza kidevu juu. "Wanakuja kutazama taa. Ukiinyoosha, watakuja kutazama nini?"

Nikamwuliza, "Na jina langu, mayu?"

Hakujifanya kwamba swali langu ni dogo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Wewe una miguu," akasema. "Utaondoka na jina lako, utalitengeneza kwingine. Mimi nabaki na ukuta huu."

Niliumia. Nilikuwa na hasira naye, nikaona ananigeuza mimi na kazi yangu kuwa kigoda cha kukalisha wageni wake. Lakini nilikumbuka ile jioni alipokuwa akijisalimia na kujiitikia. Nilipanda ngazi, nikakaza ile skrubu, nikaitoa ngazi ukutani.

Miezi iliyobaki jioni zilikuwa hivi. Bundala alileta gogo la kwanza, moto ukawaka tena kwenye yale mawe, ingawa taa ilitosha. Mayu alichemsha michembe akaitandaza kwenye ungo na karanga. Mimi nilijilaza chumbani, bolti zangu zikiwa juu ya kichwa, rozari nimeitundika kwenye mojawapo, nikiwasikia kupitia ukuta ule ule nilioutoboa. Kisukuma kilitiririka, sikukielewa, ila mara kwa mara neno "fundi" lilipita katikati na kicheko kikalifuata. Hakuna upweke unaofanana na kusikia jina lako kwenye lugha usiyoijua. Nilikuwa nimewapatia pa kukaa, na mimi sikuwa na pa kukaa. Mpaka jioni moja Mayu aligonga ukuta kwa kiganja. "Ng'wanone! Toka ukae." Nikatoka. Wakasogea kwenye benchi lao kunipa nafasi. Bundala akanyoosha kidole juu. "Fundi, taa imepinda." Nami nikajibu, "Imenyooka, baba. Nyumba ndiyo imepinda." Wakacheka wote, na kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Hatukuwa na maneno mengine mengi. Nilikaa, nikala michembe, nikatazama moto. Bado nilikuwa mpweke, sitadanganya, lakini nilikuwa mpweke mwenye mahali kwenye benchi.

Kazi zilipokwisha kabisa niliondoka. Mayu alinifungia michembe kwenye mfuko na kunisindikiza hadi kwenye kalavati. Jina nililitengeneza Ngara, kama alivyosema, kwenye kuta zilizonyooka. Tulisalimiana kwa simu kila Krismasi. Alipiga kelele kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, tukamaliza maneno upesi. Miaka ikapita. Sikurudi.

Sasa kijana wa pikipiki alinishusha mbele ya zizi, na sikuipata nyumba. Ile ya tofali mbichi haikuwepo. Palikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, madirisha ya vioo, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Walikuwa wamemzika asubuhi. Wanawake walikuwa jikoni, wanaume wamekaa kuzunguka yale mawe, moto unawaka. Na kwenye ukuta, mahali pale pale, ilikuwepo taa ndefu ya mstatili, imepinda.

Shija alinipokea, mtu mzima mwenye tumbo, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akija na kurudi Katavi. Nilimpa pole, naye akanishika mikono yote miwili, kisha akanivuta pembeni kwa aibu. "Dada, wageni wengine wa matanga wanakuja kesho, mpaka viongozi. Taa hii inatuaibisha. Tunyooshee." Niliuliza ngazi iko wapi. Nikazima swichi kubwa, nikapanda, nikatoa pimamaji ya njano kwenye mkoba, maana sisafiri bila hiyo. Niliiweka juu ya taa. Kiputo kikakimbia mpaka mwisho wa kioo, kikakwama huko. Nilifuta macho, nikaiweka tena. Kikakimbia tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, taa ya Mayu Minza ilikuwa kombo kwelikweli.

"Nani amefunga hii?" nikauliza kutoka juu, hasira ya kazi imeshanipanda.

"Fundi wa hapa tu," Shija akasema. "Nilipojenga nyumba hii aliifunga sawa kabisa. Watu wakaja siku ya kwanza, wakaitazama, wakasema nzuri, wakaenda zao. Jioni zilizofuata hawakuja. Mayu akamrudisha fundi, akamwambia aipinde kama ya kwanza. Fundi akakataa, akasema hawezi kuharibu kazi yake. Mayu akasimama akamshikia ngazi mpaka akaipinda."

Nilibaki nimeshika bisibisi. "Shija. Aliposema fundi wake aitwe, alisema aje anyooshe taa?"

Akafikiri. "Hapana. Alisema, mwite fundi wangu aje akae. Mimi nikajua anamaanisha taa."

Nililia pale juu, bila kujificha, kiganja changu kimeegemea ukuta ulionyooka wa nyumba ya mtu ambaye sitamsikia tena akiugonga. Nilipomaliza nilipangusa kutu kwenye skrubu, nikazikaza moja moja pale pale zilipo, nikabonyeza gundi iliyoachia juu ya taa kwa kidole gumba. Kisha nikashuka, nikawasha swichi kubwa. Mwanga ukaangukia kwenye mawe na kwenye nyuso za wazee.

Mmoja wao, mzee sana, fimbo katikati ya magoti, aliinua kichwa akakiinamisha kulia, kisha kushoto. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Fundi," Bundala akasema. "Taa imepinda."

Wote wakanigeukia, na Shija pia, akisubiri nikubali.

"Imenyooka, baba," nikasema. "Nyumba ndiyo imepinda."

Akasogea kwenye benchi. Nikakaa.